Saa Kumi na Moja za Vifaranga

Kwenye kituo cha kuangulia mayai walimwita Bi Joto, kwa kuwa kipimajoto hakikumtoka mfukoni hata siku za mapumziko. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipanga vifaranga wa siku moja kwenye maboksi yenye matundu na kuyapeleka stendi alfajiri, wasafirishwe kwa basi hadi mji wa pili, kilomita mia sita na ushee. Kampuni ya basi ilitangaza safari ya saa tisa. Yeye alihesabu kumi na moja na hakukosea, ingawa mji wenyewe hakuwahi kuutia machoni.

Siku hiyo maboksi yalikuwa mawili, vifaranga mia kila moja, ya mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa ameacha kazi ya kushona ili afuge, na mumewe alishatamka kwamba ujinga huo atauvumilia mara moja tu.

Saa nne asubuhi alimpigia kondakta, mgeni katika njia ile.

"Mzigo umetulia kwenye buti, mama, chini ya magunia."

"Buti? Nilikuambia ndani, nyuma ya kiti cha mwisho. Kule hakuna hewa."

"Kwani kuku wamekata tiketi?"

"Simameni kidogo, baba, muwatoe."

"Tunasimama saa sita, pa kula. Nikisimamisha gari kwa ajili ya kuku, dereva ataniacha nao porini." Akakata simu.

Bi Joto alijua kwamba wakati huo basi lilikuwa linashuka kwenye nyanda za joto. Akarudi stendi mbio. Karani wa tiketi, shoga yake wa siku nyingi, akamwandikia, kinyume cha utaratibu, namba ya simu ya abiria wa kiti cha mwisho. Alipopiga, akapokea mzee mmoja wa sauti ya taratibu, akasikiliza habari za buti mpaka mwisho.

"Lakini mama, mimi hunijui."

"Ningekujua, baba, ningekuamrisha. Sasa nakuomba."

Saa sita na robo mzee akapiga. "Nimegombana na kijana wenu mpaka amefungua buti. Haya, sikiliza."

Akaiweka simu juu ya boksi la kwanza. Vilisikika vilio vyembamba, vikali, vya vifaranga wanaohema kwa joto. Anayelia yu hai. Akaihamishia juu ya la pili. Bi Joto akaziba sikio jingine kwa kiganja, kelele za stendi zisimpoteze.

"Umeshaiweka, baba?"

"Nimeiweka, mama."

Akamwelekeza alifungue boksi la kwanza na kulipakata dirishani kwa saa tano zilizobaki, asiwamwagie maji. Kisha akampigia mdogo wake.

"Dada, nimewasha taa za joto pande zote mbili za banda."

"Zima upande mmoja."

Mdogo wake akanong'ona, "Mwenzangu yuko hapa nje. Banda kalijenga mwenyewe, anajua ni mia mbili. Nimwambie nini?"

Katika miaka yote hiyo Bi Joto hakuwahi kutaja hesabu ya uongo.

"Mwambie mia ya pili nimeichelewesha mimi. Bado iko kwenye mashine ya kuangulia."

"Mpaka lini?"

"Siku ishirini na moja," akajibu, huku ameshaanza kutembea kurudi kazini, kuomba mayai mia ambayo hakujua msimamizi wake angeyatoa kwa sababu gani.