Dawa ya Kugawiana

Juzi kwenye foleni ya kituo cha afya cha Omugo, mama mmoja alikohoa mpaka akashika ukuta. Jirani yake akafungua fundo la kitenge, akatoa kapsuli za antibayotiki.

"Chukua, mama. Mimi nilipona, hizi zikabaki."

Mwingine naye akatoa zake. "Hii ya nyekundu iko na nguvu sana."

Mama akazipokea kwa mikono miwili, akameza moja palepale, akashukuru, akarudi nyumbani bila kumwona daktari. Foleni ikasogea, nami nikafurahi kusogea.

Lakini kila moja ya kapsuli zile ilitoka kwenye dozi ambayo mtu aliiacha katikati alipopata nafuu. Sisi ni wakarimu mno: hata ugonjwa hatuumalizi, tunambakizia jirani.