Msamaha Uliokwamia Nyumbani

Nyanchoka amekuwa akichuma majani chai Nyamache tangu alipomaliza darasa la nane. Kakake, Obwocha, alikuwa koplo jeshini. Aliporudi kutoka vitani alipewa likizo ya wiki mbili. Zikaisha, hakurudi kambini; akajificha nyumbani. Baada ya miezi mitatu wanajeshi wakamfuata hadi shambani, na mahakama ya kijeshi ikamfunga miaka saba kwa kutoroka.

Alipotumikia mitatu, mfungwa mwenzake akamwambia anaweza kuomba msamaha wa rais. Kazi ya makaratasi ikamwangukia Nyanchoka. Chifu alimzungusha majuma matatu kwa barua moja tu. Mzee wa kanisa aliandika ya kwake, akakosea jina, ikabidi aandike upya. Mama yao, Nyangate, alitia kidole gumba kwenye karatasi ya familia akasema, "Mungu amrudishe mwanangu."

Mwezi Juni akaja afisa wa probesheni, mwanamke mpole aitwaye Lavender, kuuliza kama Obwocha atapokelewa nyumbani. Aliongea na Nyanchoka kwanza, kisha akakaa na mama, wao wawili tu. Nyanchoka alikuwa jikoni akiwachemshia chai, moyo umetulia.

Jibu lilifika Oktoba: ombi limekataliwa. Nyanchoka akaenda hadi ofisini kwa Lavender.

"Siruhusiwi kukwambia yaliyo kwenye ripoti," Lavender alisema. "Uliza nyumbani."

Alimkuta mama akimenya ndizi.

"Mama, ulimwambia nini yule afisa?"

"Nilimwambia bado," mama akajibu, kisu hakikusimama. "Asirudi bado."

Kisha akaeleza. Asubuhi moja, Obwocha akiwa amejificha pale nyumbani, mama alikwenda kumwamsha anywe uji. Obwocha akamkaba koo kama anayemkaba adui, macho wazi, asimtambue. Alipomwachia, mama alikuwa ameishiwa pumzi. Wiki nzima akajifunga leso shingoni, akasema ni baridi.

"Wanajeshi walijuaje alipo?" Nyanchoka akauliza.

"Nilimwambia chifu."

Chifu yule yule. Nyanchoka akakumbuka majuma matatu aliyokaa kwenye benchi lake, akisalimiwa vizuri kila asubuhi.

"Ulitia kidole, Mama. Ukaniacha nizunguke mwaka mzima."

"Ulikuwa na furaha. Nilishindwa kukwambia."

"Ungeniambia ningemtafutia daktari. Wewe ukamtafutia jela."

Mama aliosha ndizi, akazibandika motoni.

Juma lililofuata Nyanchoka alienda gerezani. Njiani alikuwa ameamua kusingizia kamati ya msamaha, lakini Obwocha alipouliza ni nani aliyemkataa, uongo ulimkaukia mdomoni. Akamwambia yote.

Obwocha aliinamisha kichwa.

"Sikumbuki hiyo asubuhi," akasema. "Nakumbuka tu ananiletea uji, ananiambia hakuna anayejua niko pale." Akainuka. "Usiniletee salamu zake tena."

Nyanchoka bado anaishi na mama yake. Anampikia, anamtekea maji, wanaongea habari za ng'ombe na mvua. Lakini Januari alijaza ombi jipya. Hakupita kwa chifu wa kwao, wala hakumletea mama karatasi yoyote. Pale panapoulizwa mfungwa atapokelewa wapi, aliandika chumba alichokodi Keroka, na jina la kliniki iliyo karibu nacho. Mama hajui kuwa kuna chumba.