Mke wa Mvuvi Kwenye Treni ya Watoto

Miaka ya themanini, mfanyabiashara mmoja alileta treni ya watoto kwenye uwanja wa maonyesho, Kisumu. Ilizunguka ndani ya handaki la mabati, naye alitaka hadithi ya kwetu ichorwe humo. Kamati ya maonyesho ikatuuliza sisi akina mama. Nikawapa ile ya mvuvi maskini aliyenasa mwanamke kwa wavu. Mwanamke akawa mkewe, akamletea ng'ombe. Mvuvi akatajirika, akalewa, akamtukana, mwanamke akarudi ziwani, ng'ombe wote nyuma yake.

"Tuishie kwa ng'ombe," mwenyekiti akasema. "Watoto wanakuja kufurahi, Mama."

"Na kuondoka kwake je? Mwanamke akitukanwa hana miguu?"

Wazee wa kamati wakacheka. "Kwani wewe nani anakutukana nyumbani?"

Walijua vizuri sana ni nani. Nilitoka kwa hasira.

Siku ya maonyesho nilipanda na binti yangu. Ukutani mlichorwa wavu, mwanamke, ng'ombe, basi. Treni ikazunguka, mwanamke akanaswa tena. Na tena.

"Mama, huyu haendi kwao?"

Nikamjibu kwa sauti, foleni yote isikie: "Alienda! Na ng'ombe wote!"