Jina la Kaka

Kila Jumatatu mzee mmoja wa kijiji cha Kibuta huingia ofisini Kibaha, huvua kofia na kufuta viganja kwenye shati kabla ya kugusa karatasi. Mwamini, karani anayepokea maombi ya nishani za Vita vya Kagera, humjibu yale yale: "Jina lako halimo, mzee wangu." Leo mzee hakuondoka. Alizitazama kucha zake, nyeusi kwa utomvu wa korosho. "Tafuta Mwinjuma Pazi, marehemu kaka yangu. Alipoitwa vitani alikuwa ndiyo kwanza ameoa, nikaenda mimi kwa jina lake." Jina likaonekana daftarini, ila kitambulisho cha mzee kinasema lingine. Roho ikimuuma, Mwamini akaandika: hastahili. Kisha, akifunga daftari, akalitamka kwa sauti: "Mwinjuma Pazi." Mzee akakakamaa, visigino pamoja. "Nipo, afande!"