Haya ya Mama Si Ndiyo

Ipo siku naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu Rehema. Jana uliponionyesha kwenye simu picha ya ile ngome ya Kijapani, nyeupe, mapaa juu ya mapaa, siku hiyo ikanirudia nikashindwa kumaliza chai yako. Usidhani chai ilikuwa mbaya.

Umepanga vizuri kumpeleka mama yako huko. Ndege, hoteli, treni, hata soksi nene, kwa kuwa viatu huvuliwa mlangoni kama msikitini kwetu hapa Fittja. Nikakuuliza, "Na mama yako anataka kwenda?" Ukacheka.

"Babu nawe! Si amesema haya? Haya ndiyo ja!"

Wewe umezaliwa huku Uswidi, ndiyo yenu ni ja, na ja ni ja. Sasa nisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nabeba magunia bandarini Mombasa. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mwendo wangu, ungedhani mimi ndiye liwali. Nikamwambia mama, "Jumapili nakupeleka ngomeni. Siku hizi watu huingia kutazama mizinga." Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso.

"Haya, mwanangu."

Nikamnunulia leso mpya. Tulipofika mlangoni akashika ukuta, akasimama. Mimi nikamvuta mkono. "Twende, mama, watu wanatutazama!" Akaingia. Akaenda moja kwa moja mpaka chumba kimoja cha mawe, akakaa chini na leso yake mpya, akalia bila sauti.

Zamani za Mwingereza ngome ile ilikuwa jela. Baba yake aliingizwa mle mama akiwa mtoto, wala hakutoka hai. Kwamba babu alikufa nilijua. Alifia wapi, sikuwahi kuuliza.

Jioni mjomba akaniita. Alikuwa fundi cherehani, pini hazimtoki mdomoni, na maneno yake machache kwa sababu hiyo hiyo. Siku ile alizitoa zote.

"Ulimwuliza, au ulimwarifu?"

"Alisema haya, mjomba."

"Mjinga we! Mama akimwona mwanawe amefurahi vile, atasema nini tena?"

Mama hakunilaumu hata siku moja, mpaka nikaja huku, mpaka nikapigiwa simu kwamba amezikwa. Afadhali angenitukana.

Sisemi mama yako ana jambo kama lile. Huenda ni magoti tu, maana umesema ngazi za ngome hiyo ya Kijapani ni za mbao, zimesimama wima, na mimi humwona anavyozipanda zile za kituo cha treni. Au huenda anatamani kwenda kweli. Sijui, na wewe hujui. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na wa mama umezidi, kwa sababu huwasha taa pale tu unapotaka wewe kupita.

Basi kabla hujakata tiketi, weka simu kando, ukae naye. Muulize kwa Kiswahili chake, "Mama, wewe ungependa nini?" Kisha nyamaza. Usimmalizie sentensi. Akisema hataki, usinune. Nenda, umletee habari. Akitaka, mpandishe pole pole. Mzazi asiyeulizwa hugeuka mzigo, hata akibebwa kwa mapenzi.

Mungu akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi, akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kusikia, na ampe mama yako umri wa kukujibu. Amina.