Diski Isiyo na Mlio

Fundi Saa alikuwa na sikio ambalo mtaa mzima ulilijua. Ukimpelekea saa ya mkononi hakukimbilia kuifungua. Aliiweka sikioni kwanza, akafumba macho, akakunja midomo kama anayeonja chumvi, kisha akakwambia, "Springi imechoka," au, "Hii imelala tu, inataka mafuta." Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia nyuma ya meza ndogo chini ya ngazi za jengo la ofisi, na watu waliopanda na kushuka hawakuacha kumsalimu. Alipostaafu aliuza meza, akauza na vifaa, akabakiza kile kioo kidogo cha kubana jichoni. Sikio nalo akabaki nalo, maana lile haliuziki.

Basi kompyuta ya nyumbani ilipoanza kulia tak, tak, tak, mzee wa watu alifurahi.

"Mke wangu, njoo usikie! Siku zote mashine hii ilikuwa bubu. Sasa imechangamka, inapiga kama saa ya ukutani."

Mkewe alikuwa anapiga pasi. "Inapiga au inagonga?"

"Inapiga. Nisikilize mimi, sikio hili ndilo lililokulisha."

"Lilinilisha, na cherehani yangu ilikuwa pambo la sebuleni," mkewe akamjibu, wakacheka, akaendelea na kola za mashati.

Alifurahi hivyo msimu mzima wa mvua. Halafu asubuhi moja kompyuta ikawashwa, ikalia, ikakwama. Kioo kikaleta maandishi meupe kwamba diski haisomeki, kikatulia hapo hapo.

Mkewe ndiye aliyekuwa amekaa mbele yake. Alikuwa anataka kumsikiliza mama yake. Bibi huyo alikuwa amekwisha kufariki, lakini kabla hajaondoka, kitinda mimba wao alimrekodi kwa simu akiwa jikoni, akichambua mboga, akisimulia mambo ya zamani na kuimba nyimbo za kubembelezea watoto. Ile simu iliibiwa baadaye. Kilichobaki ni kile kilichohamishiwa kwenye kompyuta, basi.

"Fundi," mkewe akasema, "mama yangu yumo humo."

Akimwita Baba Watoto, mambo ni shwari. Akimwita Fundi, hapana mchezo.

Waliifunga kompyuta kwenye shuka, Fundi Saa akaibeba kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki, wakaenda mjini kutafuta diski ya kuaminika. Duka la kwanza walimkuta kijana mwenye miwani ya jua kwenye paji la uso, akawawekea diski mbele yao kabla hata hawajamaliza kueleza.

"Mpya kabisa hii, mzee. Imetoka kiwandani jana."

Fundi Saa akabana kioo chake jichoni, akainama. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimekwanguliwa, kimoja kimeharibika pembe.

"Mwanangu, hii imefunguliwa na mtu mwenye bisibisi isiyozitosha skrubu."

"Aa, mzee, hiyo ni alama ya kiwandani tu."

"Huko kiwandani bisibisi wanaazima kwa jirani?"

Mkewe alishamshika mkono, wako nje.

Duka la pili lilikuwa la mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ndogo. Aliwaamkia shikamoo, akawapa viti, akaichomeka ile mashine na kuisikiliza kidogo tu. Akaizima haraka.

"Imeanza lini kulia hivi?"

"Tangu mvua zilipoanza," Fundi Saa akasema.

"Na mlikuwa mnaendelea kuiwasha?"

"Kuiwasha!" mkewe akadakia. "Alikuwa akiniita nikasikilize utamu!"

Yule mama akatabasamu kwa huruma. "Mzee wangu, diski ikilia hivyo haijachangamka. Inakata roho."

Kumbe muda wote ule Fundi Saa alikuwa anashangilia kando ya kitanda cha mgonjwa, tena akiwaita watu waje washangilie naye.

Zikaletwa diski mbili mezani, boksi zake zimefungwa, hazijaguswa. Ya kwanza ilikuwa nzito, yenye sahani zinazozunguka ndani. Ya pili nyembamba, nyepesi kama biskuti. Fundi Saa akaiweka ile nyepesi sikioni, akaitikisa.

"Hii ina nini ndani?"

"Hamna kinachozunguka humo."

"Sasa kitu kisichopiga, nitajuaje ni kizima?"

"Hapo ulipokaa unausikia moyo wako?"

"Siusikii."

"Na u mzima?"

"Muulize mke wangu."

Yule mama akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akawaeleza bila kuficha. Ile nyepesi ina kasi, na ikidondoka haiumii upesi, ila si ya kufungiwa kabatini miaka bila umeme, inaweza kusahau. Ile nzito inafaa kukaa na nakala, mradi isiangushwe, na mara moja moja itolewe ikaguliwe. "Nitawapa dhamana ya zote," akasema, "lakini ya kunifanya niape kwamba haitakufa, hiyo sina."

"Nipe inayozunguka," Fundi Saa akasema. "Hiyo tunaelewana."

"Thubutu!" mkewe akasema. "Wewe umeshachagua kwa sikio. Sasa nachagua mimi, kwa ajili ya mama yangu. Tunachukua zote mbili. Nyepesi ikae ndani ya kompyuta, nzito ikae kwa dada yangu. Moja ikituangusha, mama atakuwa kwenye nyingine."

Fundi Saa akatoa pochi.

Kazi ya kuhamisha ikaanza. Ile diski ya zamani ikawa inalia, inakaa kimya, inalia tena, na kila ikinyamaza mkewe anashika roho. Fundi Saa alishindwa kuvumilia. Akatoka nje, akasimama kibarazani, akaziba masikio kwa vidole kama mtoto anayeogopa radi. Wapita njia wakamshangaa. Aliziba hivyo mpaka mikono ikamuuma, akaishusha.

Hapo ndipo aliposikia sauti kutoka ndani, kwenye spika za dukani, kali na safi.

"Na huyu mkwe wangu yuko wapi? Saa za watu wote anazitengeneza, yeye mwenyewe saa ya kula haijui! Mwambieni chakula kinapoa!"

"Nakuja, mama!" Fundi Saa akaitika kabla hajajijua, akaingia mbio.

Wateja wote wakaangua kicheko. Mkewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akijifuta kwa mkono wa gauni.

"Yote yametoka?" Fundi Saa akauliza.

"Yote," mwenye duka akasema.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," mkewe akasema. "Hapo anapomsema."