Kijaluba Mkononi mwa Horace

Zamani, katika soko la vitu vya kale pale Birmingham, mtu aliyetaka kijaluba cha fedha alikishika, akakipumulia ili mvuke umwonyeshe penye kiraka, akabishana hadi koo likamkauka. Siku hizi anagusa kioo cha simu, na kijaluba kinamfuata nyumbani kama ankara ya maji.

Sheria ya soko haikuandikwa popote: kitu kikiwa mkononi mwa mtu, mwingine haulizi bei mpaka kiwekwe chini.

Horace Pinfold, dereva wa basi mstaafu, alikuwa na vijaluba vya ugoro vya enzi ya Malkia Viktoria kabati zima, ila hakuwa na hata kimoja chenye kanisa lililochongwa kifunikoni. Alikitafuta miaka mingi, hadi mkewe akasema kwa bidii hiyo angekwishapata mke wa pili. Jumamosi moja ya baridi akakiona mezani kwa Bi Doreen. Akakinyakua. Kugeuka, Clem Yardley, mkusanyaji mwenzake, keshamsimamia begani.

"Mkono wa kizee huo utakufa ganzi," Clem akasema. "Kiweke chini upumzike, babu."

"Nitapumzika nikifa."

"Basi nitakirithi."

Bi Doreen alitaja bei. Horace akataja nusu yake.

"Kwa nusu nakuuzia kanisa," mama akajibu, "mnara unabaki wangu."

Wakavutana mpaka vidole vya Horace vikageuka rangi. Bi Doreen, asiyependa mteja apigwe na baridi, akamimina chai, akamnyooshea kikombe na sahani yake. Mwingereza wa zamani aliweza kukataa hata urithi, lakini si chai aliyokwisha kumiminiwa.

"Ahsante, mama," Horace akasema, akapokea kwa mikono miwili.

Kijaluba kilikuwa mezani. Kisha hakikuwapo.

"Clem, mwizi wewe."

"Mimi? Si wewe uliyenisomea sheria mwaka jana, nilipoweka kitu chini nipenge kamasi?"

Sasa Clem naye akaanza kubishana bei, na kwa ubahili alimshinda Horace. Horace akavuta kiti, akanywa taratibu, macho kwenye vidole vya mwenzake.

"Mmiminie na yeye, Bi Doreen. Anatetemeka, maskini."

Ubishi haukwisha, basi lake likafika, naye akaondoka moyo ukimuuma. Kabla ya Jumamosi nyingine soko likafungwa, na baadaye pakajengwa maghorofa yasiyo na sura. Hakuwaona tena. Mara ya mwisho ilikuwa siku ile ile, kupitia dirisha la basi: Clem amekumbatia kijaluba kwa mikono miwili, kinywa wazi kama kinda, na Bi Doreen, mabega yakimtikisika kwa kicheko, anamnywesha chai.